Mkono mtupu haulambwi: buibui dume anayekwenda kuposa na kifurushi cha hariri mdomoni

#1 Mtunza Bustani (mtoa mada), 5 Juni

Habari za jioni wakuu.

Huu ni mwaka wangu wa saba Denmark, nje kidogo ya mji wa Aarhus, na kazi yangu ni kutunza bustani za watu. Juzi nimeona kitu ambacho hakijanitoka kichwani mpaka sasa, nikasema nikilete humu tukijadili kwa lugha yetu.

Nilikuwa nimechuchumaa pembeni ya ua nang'oa magugu. Kwenye yale majani ya huku yanayowasha mkono ukiyagusa, usawa wa macho yangu kabisa, palikuwa na buibui mwembamba wa kahawia, miguu mirefu, mwili wenyewe kama sentimita moja na ushee. Mdomoni kashika kitu cheupe cha duara, kama punje ya mbaazi. Wazo la kwanza: mayai. Majike wa aina hii hubeba mfuko wa mayai mdomoni, hilo nilikuwa nalijua. Lakini huyu tumbo lake lilikuwa jembamba, na vile vipapasio viwili vya mbele ya uso vimevimba kwenye ncha kama ngumi ndogo. Hiyo ni alama ya dume. Sasa dume kabeba nini?

Nikaweka kisu chini.

Majani mawili juu yake alikaa jike, mnene zaidi, katulia. Dume akawa anapanda kidogo, anasimama, anatetemeka, anapanda tena. Alipobakiza upana wa vidole vitatu akajikunja kinyumenyume, akainua kichwa pamoja na miguu ya mbele, kifurushi kikaelekea kwa jike kama mtu anayekabidhi sinia kwa mikono miwili. Akaganda hivyo hivyo. Jike akanyoosha miguu, akapapasa, akaking'ata. Kwa muda wote wawili wakawa wameking'ata kitu kimoja, uso kwa uso. Kisha dume akaachia meno, akapita chini ya tumbo la mwenzake huku mguu wake mmoja bado umenasa kwenye kifurushi, na kipapasio kimoja akakipeleka mahali pake.

Jike muda wote huo anakula.

Anaitwa Pisaura mirabilis. Jina hilo la mirabilis, Kilatini cha "wa ajabu", alipewa na Mswidi Carl Clerck mwaka 1757. Ndani ya kifurushi huwa mna mdudu, mara nyingi nzi, ambaye dume kamkamata, hakumla, akamzungushia hariri mpaka haonekani. Nitaendelea na maelezo, ila kwanza nataka kujua kama kuna mwingine humu kawahi kuona kitu kama hiki.

#2 Nyamizi

Nimevuta kigoda mkuu. Ila kwenye kipapasio umeniacha njiani. Mbegu za kiume zinafikaje usoni?

#3 Mtunza Bustani

Dada Nyamizi, hilo ni la buibui dume wote, si huyu peke yake. Tundu la mbegu liko chini ya tumbo, lakini chombo cha kuziingizia kiko kwenye vipapasio, na huko ndani viwili hivyo havijaungana kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuanza safari dume hufuma kitambaa kidogo cha utando, anadondoshea tone la mbegu, kisha analinyonya kwa ncha ya kipapasio kimoja halafu kingine. Ncha zile zina mrija uliojikunja ndani. Ni kama bomba la sindano ambalo dawa imeshavutwa.

Jike naye ana vifuko vya kuzihifadhia, na mayai huyarutubisha baadaye siku ya kutaga. Shikeni hilo la vifuko, tutalirudia.

#4 Mzee wa Hoja

Kwa ufupi kalipa mahari. Bila mahari haozwi.

#5 Mtunza Bustani

Mzee wangu, mimi mwenyewe ndivyo nilivyosema siku ile. Ila kadiri ninavyosoma naona neno hilo linatupoteza. Mahari ni makubaliano ya watu wa pande mbili, ina mashahidi, ina wazee, na ikishatolewa imetolewa. Hii anapokea jike mwenyewe, anaila palepale, na kwa kawaida ndoa nzima inadumu kwa muda wa mlo. Akimaliza kula, au akiona mlo haufai, amekwisha. Na dume hajaachia: ule mguu niliouona umenasa kwenye kifurushi ndio anaoshikia mali yake asije akakimbiwa nayo. Majike wengine hung'ata na kutimka. Kikibaki kipande mwishoni, dume anaweza kukichukua akaenda nacho kwa jike mwingine.

Mimi naona iko karibu zaidi na biashara ya sokoni, muuzaji na mnunuzi wote wameshika fungu moja na hakuna anayetaka kuachia wa kwanza.

#6 Mwalimu wa Kidato

Nimefundisha baiolojia miaka mingi na sijawahi kugusa hili darasani, ahsante sana. Swali la kitaalamu: kwa nini afunge? Nzi ni nzi. Hariri inatengenezwa kwa protini, ni gharama kwa mwili wake. Angempelekea nzi mtupu ingepungua nini?

#7 Mtunza Bustani

Mwalimu umegusa penyewe. Nimelisoma hili mpaka usiku wa manane.

Zamani wapo waliodhani dume anaiga mfuko wa mayai. Jike wa Pisaura hubeba mfuko wake mweupe kwa meno wiki nzima nzima, hivyo labda akiona kitu cheupe cha duara anakishika kwa silika ya mama. Ni wazo zuri la kusimulia. Waliokuja kulipima baadaye wakaona kwamba zawadi inaeleweka vizuri zaidi kama juhudi ya dume ya kupata jike, na jike anaipokea kwa kuwa ni chakula.

Kazi za hariri zilizoonekana waziwazi ni za mikono, za kawaida kabisa. Nzi mtupu ana mabawa na miguu inayochomoza huku na kule, anashikika vibaya. Akifungwa anakuwa tonge. Meno ya dume yanakaa vizuri upande mmoja, ya jike upande wa pili, na kucha ya mguu inapata pa kunasia kwenye nyuzi. Kumnyang'anya dume kifurushi kilichofungwa ni kazi kuliko kumnyang'anya nzi mtupu.

Halafu hariri inasema hali ya mfungaji. Dume mwenye njaa hana nyuzi nyingi za kutumia. Aliyeshiba anafunga vizuri.

Kitu kingine kilichonigusa: dume haanzi kufunga ovyo. Jike anapotembea huacha uzi nyuma yake, na uzi huo una kemikali zake. Dume akiukanyaga ndipo anaweka windo lake juu ya jani na kulizunguka, ncha ya tumbo chini, anapiga mizunguko, anasimama kulichukua kwa meno kama anayepima uzito, analiweka, anazunguka tena. Nilimwona mmoja jana akifanya hivyo juu ya jani pana. Ana utaratibu kama bibi anayefunga tambi za ukili kabla ya kwenda kuuza.

#8 Shangazi Tatu

Assalaam alaykum wanangu. Niko Unguja. Sisi bibi yetu alitukataza kuua buibui tangu tukiwa wadogo, kwa heshima ya yule aliyetanda mlangoni mwa pango Mtume (s.a.w.) alipokuwa ndani na sahibu yake. Mpaka leo nikifagia dari namwondoa kwa ufagio polepole nampeleka nje.

Huku kwetu wapo wale wakubwa wanaotanda kati ya miti na nyaya, nyuzi zao za rangi ya dhahabu jua likizipiga. Nao hupelekeana zawadi?

#9 Mtunza Bustani

Waalaykum salaam Shangazi. Hao siyo wa zawadi, lakini hila yao inakaribiana. Ukimtazama vizuri huyo mkubwa, ni jike. Pembeni ya utando wake angalia vibuibui vidogo vidogo vyembamba, kimoja au vitatu, unaweza kudhani ni watoto. Hao ndio waume. Kuna aina ya jamii hiyo kusini mwa Afrika iliyochunguzwa, Trichonephila fenestrata, dume wake ana subira: anangoja mpaka jike anase mdudu, na akishaanza kula ndipo anamwendea. Anayemwendea jike anayekula ana usalama zaidi. Yaani hakuleta chakula, kavizia saa ya chakula.

Ulaya wako wengine, Metellina, wanaokaa pembeni ya utando wa jike hata siku kadhaa wakingoja mdudu anase. Mdudu aliyenaswa na utando wa jike mwenyewe ndiye anayefungwa na kutumika kama zawadi.

#10 Nyamizi

Mbona mnazunguka jambo lenyewe? Anapeleka zawadi ili asiliwe. Sote tumesikia majike wa buibui wanakula waume zao.

#11 Mtunza Bustani

Dada, ni kweli kwa sehemu, na sehemu hiyo tuipe haki yake. Kwenye majaribio, dume wa Pisaura aliyekwenda mikono mitupu alikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kushambuliwa na kuliwa kabla hata ya kuanza. Waliotoa matokeo hayo mwaka 2016 waliiita zawadi ngao, na ukitazama jinsi anavyoiinua kati ya meno yake na ya jike utaelewa kwa nini.

Lakini kuna jambo alilolichapisha Trine Bilde na wenzake mwaka 2006. Huyu mama ni wa Chuo Kikuu cha Aarhus, mji huu huu ninaonunulia mkate. Jike anapoking'ata kifurushi na kutaka kuondoka nacho, dume anakufa. Namaanisha anaonekana amekufa: anaanguka ubavu, miguu imenyooka, hatikisiki. Ila meno yake bado yameking'ata kifurushi. Jike anakimbia, anamburuta kama mzoga uliofungwa kwenye mzigo, majani yanampiga, hasemi kitu. Anafika mahali anatulia na kuanza kula. Hapo polepole mguu mmoja unacheza, kisha mwingine, maiti inainuka, inapita chini ya tumbo na kuendelea na kazi iliyokatishwa.

Uchunguzi uliofuata, mwaka 2008, ulionyesha kwamba madume wanaojifanya wafu hupata jike zaidi kuliko wasiofanya hivyo, na hukaa naye muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo si woga tu. Angekuwa anaokoa roho yake angeachia kifurushi na kukimbia. Huyu anaweka maisha yake rehani ili zawadi isiende bila yeye.

#12 Mwalimu wa Kidato

Maiti inainuka! Hii kesho naipeleka Kidato cha Tatu.

#13 Mzee wa Hoja

Niliwahi kusema mahari nikakosolewa kwa heshima, nakubali. Sasa swali: dume aliyekosa nzi anafanyaje? Maana hariri inafunika kila kitu. Mimi nafunga hata kokoto.

#14 Mtunza Bustani

Mzee wa Hoja, ndivyo wanavyofanya, na hapa ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote kwenye habari hii nzima.

Kuuziwa mbuzi kwenye gunia kupo huku. Maria Albo na wenzake walichapisha mwaka 2011 kwamba madume wengine wa Pisaura hufunga takataka: ganda la mdudu waliokwisha kumnyonya wenyewe, mbegu ya mmea, kipande cha jani. Wanalifunga vilevile, jeupe vilevile, wanalinyanyua vilevile. Na jike anapokea vilevile. Mlangoni hajui.

Hajui kwa sababu buibui hamezi vipande. Anamwaga maji ya kumeng'enyea juu ya chakula, anangoja kilainike, kisha anafyonza. Inachukua muda mpaka agundue kwamba anafyonza ganda, na muda huo ndio anaoutafuta tapeli.

Lakini akigundua anaondoka. Ndoa za zawadi bovu zilikuwa fupi kuliko za zawadi ya kweli. Na dume asiye na kitu kabisa alikataliwa zaidi kuliko wote hao. Ukipanga ngazi: mwenye nzi yuko juu, tapeli katikati, mkono mtupu chini.

Sasa lile la vifuko nililowaomba mshike. Mwaka 2013 Albo, Bilde na Gabriele Uhl walipima kitu ambacho macho hayaoni: jike ameweka mbegu kiasi gani baada ya dume kuondoka. Waliokuja na zawadi, mbegu zao zilihifadhiwa kwa wingi zaidi. Waliokuja bila zawadi, hata pale walipokubaliwa, zilihifadhiwa chache.

Soma tena hapo. Kamruhusu, kakaa naye, kaagana naye kwa amani, na bado ndani ya mwili wake hukumu inaendelea. Tumezoea kusimulia habari hizi kwa namna mbili tu, jike katili au dume mjanja. Mimi huyu jike namwona hakimu. Anaanza kuamua kabla ya kupokea, anaamua akiwa anakula, na anaamua wakati dume keshakwenda zake na anajihesabu mshindi. Na dume naye, kila hatua ya kufunga, kushikilia, kufa na kufufuka, ni kujibu hukumu hiyo kabla haijatoka.

#15 Nyamizi

Hapo kwenye "hukumu inaendelea" nimesimama kwanza. Nafuta kauli yangu ya #10.

#16 Mzee wa Hoja

Na kwa nini utapeli hauishi, kama hulipi vizuri?

#17 Mtunza Bustani

Kwa sababu unalipa kuliko mkono mtupu, mzee. Siku nzi hakuna, ganda ni bora kuliko kukosa. Na kuna mahali utapeli ndio umekuwa desturi. Kwenye mito ya Uruguay na Brazil kusini, kandokando ya mawe, anaishi buibui anayeitwa Paratrechalea ornata, naye hufunga zawadi. Huko wakikagua vifurushi vya madume porini wanakuta vingi zaidi ni vya takataka kuliko vya chakula. Hariri yao inabeba pia harufu ya dume, kwa hiyo kitambaa chenyewe kinasema neno hata kama ndani hamna kitu.

#18 Mwana wa Ziwa

Wadau, nimesoma kimyakimya tangu juzi, sasa lazima niseme. Mimi ni wa Mbita, Kaunti ya Homa Bay, hapa kando ya Ziwa Victoria. Nilikulia karibu na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, ile kambi iliyopewa jina la Profesa Thomas Odhiambo. Mnazungumzia Denmark na Uruguay, na kumbe posa ya ajabu iko ukutani mwetu.

Kuna buibui mrukaji anaitwa Evarcha culicivora. Culicivora ni "mla mbu". Alitambulishwa kwa sayansi mwaka 2003 tu, na anajulikana kutoka eneo hili la ziwa, Kenya na Uganda. Ni mdogo, nusu sentimita hivi, hatandi utando wa kunasia, anawinda kwa macho na kuruka. Uso wake una wekundu, dume na jike.

Mwaka 2005 Robert Jackson, Ximena Nelson na Mkenya mwenzetu Godfrey Sune walionyesha kwamba huyu anachagua mbu. Na si kila mbu: anataka jike aliyeshiba damu. Ukimwekea mbu wa damu na mdudu mwingine wa ukubwa uleule, anaenda kwa mwenye damu. Hata kwa harufu peke yake, bila kuona, anachagua damu.

Sasa sikilizeni linalohusu mada hii. Mwaka 2009 Fiona Cross, Jackson na Simon Pollard wakaonyesha kwamba anayekula mbu wa damu anapata harufu inayowavutia wa jinsia nyingine. Dume aliyekula damu anamvutia jike. Jike aliyekula damu anamvutia dume. Wote wawili wanachagua na wote wawili wanachaguliwa. Hakuna kifurushi, hakuna hariri. Chakula chenyewe kimegeuka marashi mwilini.

#19 Mtunza Bustani

Ndugu yangu wa Mbita, nimesimama nikasoma mara mbili. Nilikuwa najua jina lake, hili la marashi sikulijua. Yaani badala ya kumletea mwenzake nzi, anamletea ushahidi kwamba anajua kumpata mbu sahihi. Na jike anafanya hivyo hivyo kwake!

#20 Shangazi Tatu

Anauma watu huyo mla damu? Nina wajukuu.

#21 Mwana wa Ziwa

Hapana Shangazi, usiwe na hofu. Mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi ya mtu akanyonya damu. Damu anaipata kwa kupitia mbu tu, mbu ndiye sindano yake. Hata harufu yetu anaipenda: walimjaribu na soksi iliyovaliwa na soksi safi, akaelekea kwenye iliyovaliwa, kwa sababu palipo na watu ndipo walipo mbu wa damu.

Na kuna mimea miwili anayoifuata kwa harufu, lantana na mbarika, yote imejaa huku vichakani. Marehemu mama alikuwa na mbarika nyuma ya jikoni. Nikiwa mdogo nilikuwa naona vibuibui vyenye uso mwekundu kwenye majani yake na sikujua kama vina jina.

#22 Mwalimu wa Kidato

Mwana wa Ziwa, ningekuwa karibu ningekuja na wanafunzi. Hiki ndicho kitu cha kumwonyesha mtoto anayedhani sayansi inaishi Ulaya.

#23 Nyamizi

Na wale wasio na zawadi wala marashi? Wapo wanaokufa kweli?

#24 Mtunza Bustani

Wapo. Nitataja watatu tu.

Australia yuko mwenye mstari mwekundu mgongoni, Latrodectus hasselti. Katikati ya tendo dume anajipindua na kuliweka tumbo lake kwenye meno ya jike. Maydianne Andrade aliandika habari hii mwaka 1996: takriban asilimia 65 ya madume wanaofanikiwa kupanda jike huliwa, na anayeliwa hupata kukaa muda mrefu zaidi na kuzaa karibu mara mbili ya asiyeliwa. Na wengi wa madume wa aina hii, zaidi ya asilimia 80, hufia njiani wakitafuta jike bila kumpata. Aliyefika amefika mara moja maishani. Na usidhani jike anashiba kwa mwili ule, maana dume ni mdogo mno. Zawadi aliyoitoa ni muda.

China yuko Philoponella prominens, kadogo sana, ambaye jibu lake ni kujirusha. Anakunja miguu ya mbele dhidi ya jike, na mara akimaliza anaifyatua. Kasi yake ilipimwa mpaka sentimita 88 kwa sekunde. Katika ndoa 155 zilizotazamwa, 152 ziliisha kwa dume kujifyatua. Watatu hawakujifyatua. Wote watatu waliliwa. Hiyo ilichapishwa mwaka 2022.

Wa tatu ni wa Uruguay tena, kwenye mchanga wa fukwe, Allocosa senex, na kwake mambo yamegeuka. Dume ni mkubwa kuliko jike. Dume anachimba shimo refu mchangani, analitandika hariri, anakaa mlangoni. Jike ndiye anayetembea usiku kutafuta na ndiye anayeanza kuposa. Anaingia, anakagua. Wakikubaliana, dume anatoka anamwachia nyumba, na mlango unafungwa: yeye akiwa nje, jike akisaidia kwa ndani. Jike atataga humo. Dume anakwenda kuchimba shimo jingine. Na huko, ikitokea mmoja kumla mwenzake, anayekula ni dume.

Kwangu mimi hiyo nyumba ndiyo zawadi kubwa kuliko zote nilizozitaja.

#25 Mzee wa Hoja

Huyo wa mwisho ameniliza. Kujenga, kufunga mlango kwa nje, na kwenda.

#26 Mwana wa Ziwa, 14 Juni

Leo saa moja asubuhi nimekaa na kikombe cha chai mbele ya ukuta wa chumba ninacholala, upande wa ndani, juu ya neti. Palikuwa na mbu amejibanza, tumbo jekundu, la damu yetu bila shaka, mkia juu na kichwa chini kama wanavyokaa anofelesi. Chini yake, kiganja kimoja hivi, kibuibui chenye uso mwekundu. Kilikuwa hakitembei moja kwa moja. Kinakwenda pembeni, kinageuza mwili mzima kumtazama, macho yale mawili makubwa ya mbele yanang'aa, kinazunguka kimfikie kwa nyuma. Kimekaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kisha sikuona mruko wenyewe, niliona tu mbu hayupo pale alipokuwa na kibuibui kinaning'inia na uzi, mbu mdomoni.

Nimemwambia mke wangu asipige dawa kwenye ukuta huo.

#27 Mtunza Bustani

Andika saa na tarehe kila ukimwona, ndugu yangu. Daftari la shule linatosha.

#28 Mtunza Bustani, 12 Julai

Wakuu nimerudi. Jike wangu wa pale uani nilikuwa nampitia kila nikienda kwenye nyumba ile. Mwishoni mwa Juni nilimkuta na mfuko wa mayai mdomoni, mweupe uliofifia, mkubwa kuliko kile kifurushi, akitembea ameinua mwili ili usiguse majani. Wakati huo kula ni shida, meno yameshikilia mfuko.

Leo nimekuta amefuma hema. Amevuta ncha za majani manne au matano zikakutana, akazifunga kwa utando mzito kama pazia, na mfuko umening'inia ndani. Umeshafunguka. Watoto wamejaa humo, wa rangi ya njano ya udongo, nikipuliza kidogo wanatawanyika wote kwa pamoja kisha wanakusanyika tena. Yeye mwenyewe yuko nje, ameshika hema kwa miguu yote minane, kichwa chini. Niliposogeza kidole hakukimbia, alizunguka akaja upande wa kidole.

Mwenye nyumba alitaka kona ile ikatwe leo. Nimemwita nikamwonyesha. Amechuchumaa kimya, akaniuliza watakaa siku ngapi. Nikamwambia wiki moja hivi. Nimepitisha mashine kuzunguka, nikaacha kipande kama meza ya chakula.

#29 Shangazi Tatu

Mungu akuzidishie mwanangu. Weka picha wakianza kutoka.